Maneno Niliyoyapeleka Berea

Jumatatu, 3 Septemba 2012

Elysée amerudishwa nyumbani, na safari hii si kwa wiki moja. Mwalimu mkuu alimpigia Mama simu saluni, Mama akanipigia mimi, kwa sababu Kiingereza cha Mama kinaishia kwenye mitindo ya kusuka. Tukaenda shuleni, nikasimama katikati yao kama kawaida, nikipokea maneno upande huu na kuyapeleka upande ule. Mwalimu mkuu alisema mdogo wangu ana miaka kumi na tatu na bado anakaa darasani na watoto wadogo. Kengele ikilia anaziba masikio na kupiga kichwa ukutani. Ijumaa alikimbia kelele akamsukuma mtoto kwenye ngazi. Mtoto hakuumia, lakini angeweza kuumia.

Nilitafsiri yote. Mama alisema, "Mwambie asante." Nikamwambia asante.

Elysée alikuwa kwenye benchi nje, akirudia tangazo la sabuni la redioni kwa sauti ya mtangazaji yule yule, mpaka ile pumzi anayovuta kabla ya kutaja jina la sabuni. Watoto waliokuwa wakipita walicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Jumatano, 5 Septemba

Manyunyu. Elysée anashinda saluni chini ya meza ya Mama.

Jumamosi, 8 Septemba

Mwalimu mkuu alitupa namba ya shule moja iliyoko Berea, mtaa wa mlimani, yenye darasa la watoto kama Elysée. Darasa ni dogo sana. Mwezi Januari kijana mmoja ataondoka, na nafasi yake itakuwa wazi.

Leo maktabani nimetafuta lile neno ambalo nesi wa kliniki alilisema mwaka juzi. Kwa Kiswahili wanaita usonji. Nilipomwambia Papa aliyarudia matamshi polepole, kisha akasema kwao Uvira hajawahi kulisikia, watu walisema tu mtoto fulani amezaliwa na dunia yake. Papa yuko zamu za ghala kule Mobeni na anaporudi huzungumza akiwa amefumba macho.

"Hiyo shule isipomukubali," alisema, "Januari wewe utabaki naye hapa. Mama yako akiacha saluni tutakula nini?"

Nilisema ndiyo, Papa. Sijui kusema kitu kingine haraka.

Jumatano, 12 Septemba

Papa Zénon, mzee wa ghorofa ya chini, amekuja. Hapa Albert Park, mtaa wetu huu wa Afrika ya Kusini, hakuna mtu wa kwetu aliyeenda kwenye interview ya ukimbizi bila kupita kwanza kwenye kiti chake cha plastiki. Anakuuliza maswali kama yeye ndiye ofisa, anakukatiza, anakupigia kelele, mpaka majibu yanakaa mdomoni kama Baba Yetu. Mama alimweleza kuhusu Berea. Akafikiri, akakuna kidevu.

"Munaona, interview ziko mbili," alisema. "Kwa wakimbizi unaonyesha kidonda. Kwa masomo unaonyesha nguo safi. Shule gani inapenda matatizo? Mutoto tutamufundisha. Hapana ogopa."

"Na wazazi wataulizwa," Mama alisema.

"Wewe jibu ni moja. Iko bien, iko muzuri. Anakula bien, analala bien. Na usiseme 'sijui'. Mtu wa 'sijui' wanamurudisha nyuma ya foleni."

Kulthumu, jirani yetu wa Kigoma anayeuza simu kule chini, alikuwa mlangoni akisubiri kusukwa. Akasema, "Mzee huyu akifa, malaika kaburini watamkuta keshatunga majibu." Papa Zénon alicheka kuliko sote.

Ijumaa, 14 Septemba

Elysée ameshika majibu yote kwa alasiri moja. Habari yako? Nzuri, asante. Unapenda somo gani? Hesabu. Rafiki yako ni nani? Respicius. Hatumjui Respicius yeyote. Papa Zénon alimtunga kwa sababu mtoto asiye na rafiki anatia mashaka.

"Huyu angepata karatasi za ukimbizi kabla yangu," alisema, akampigia makofi. Elysée aliziba masikio.

Alhamisi, 20 Septemba

Tumeenda. Mama alimvisha shati la Krismasi. Asubuhi alimpa dawa ya mafua, ile nyekundu inayoleta usingizi, ili atulie. Elysée alitulia. Alikaa kwenye kiti mikono mapajani, macho nusu, akajibu maswali matatu ya kwanza kama Papa Zénon alivyotaka.

Mama mmoja wa Kihindi anayeitwa Mrs Moodley ndiye aliyetupokea. Miwani yake inaning'inia kwa mnyororo na sauti yake ni ndogo karibu kama yangu. Alitumia muda mwingi kumuuliza Mama. Analala usiku? Mama akasema analala bien. Anajiumiza? Hapana. Anatoroka? Hapana, ni mtoto wa nyumbani. Anavaa nguo mwenyewe? Mwenyewe.

Nilitafsiri yote kama yalivyo. Nilijua mlango wetu una kufuli la ndani ambalo funguo yake Mama anaivaa shingoni. Funguo yenyewe ilikuwa pale, chini ya blauzi yake, wakati nikisema kwa Kiingereza kwamba hatoroki.

Jumapili, 23 Septemba

Kanisani wametuombea. Jua kali kwa mara ya kwanza.

Jumanne, 2 Oktoba

Mrs Moodley amepiga simu. Mama aliweka spika, nikatafsiri sentensi moja moja. Alisema kutokana na majibu ya mzazi, Elysée anaonekana kujimudu. Alisema nafasi ni moja na wako watoto wenye hali ngumu zaidi. Alisema mtoto kama huyu anaweza kusaidiwa katika shule ya kawaida.

Nilipofika hapo nikaona uso wa Mama unafunguka. "Wamesema iko mzima?" aliuliza.

"Wamesema aende shule ya kawaida."

Akashika mashavu. Alimwita Papa Zénon kutoka ghorofa ya chini, naye akapanda ngazi akihema, akasema, "Niliwaambia. Amepasi." Walikunywa soda. Mimi nilikaa na Elysée kitandani nikingoja mmoja wao aulize ni shule gani ya kawaida.

Aliyeuliza ni Papa, aliporudi kutoka kazini. Papa Zénon alitazama chupa yake, akasema kwamba ofisi za nchi hii zina mambo. Alishuka ngazi polepole.

Ijumaa, 12 Oktoba

Shule mbili zimesema zimejaa. Ya tatu ilimwona Elysée kwanza, ndipo ikajaa.

Jumanne, 16 Oktoba

Mvua tangu juzi. Ukuta wa chumbani umeanza kuota ukungu tena.

Alhamisi, 18 Oktoba

Mama alikuwa na bibi harusi wa kusuka, akaniachia Elysée baada ya shule. Nilimpeleka bustanini kwa sababu anapenda kutembea juu ya ukingo wa saruji. Tulikuwa vizuri. Kisha gari la wagonjwa likapita na king'ora, mkono wake ukachomoka mkononi mwangu kama sabuni.

Alikimbia moja kwa moja kuelekea robot, zile taa za barabarani. Taa ilikuwa kijani kwa magari. Nilijaribu kuita na sauti haikutoka. Najua kwamba mimi ni mwoga wa watu, lakini sikujua kwamba hata wakati ule sauti yangu ingekataa. Taxi, lile basi dogo la abiria, ilifunga breki, ikateleza kwenye maji, ikasimama. Kondakta alitoa kichwa akanitukana kwa Kizulu, kisha akamwona Elysée amekaa katikati ya barabara akijing'ata mkono, damu, akiimba lile tangazo la sabuni. Akasema, "Eish, sisi," yaani dada, akashuka akanisaidia kumwinua.

Nilimwambia Mama ameanguka tu. Mama alimfunga mkono kwa kitambaa, hakuuliza alianguka vipi mpaka alipoona alama za meno.

Jumatatu, 22 Oktoba

Papa amesema nimwambie mwalimu wangu wa darasa kwamba mwakani huenda nisirudi. Sijamwambia. Tuna mtihani wa historia.

Jumanne, 23 Oktoba

Nimepanda Berea kwa miguu baada ya shule, bila kumwambia mtu. Nilifika kwenye geti. Mlinzi akaniuliza namtaka nani. Nikasema samahani, nimepotea. Nikarudi.

Alhamisi, 25 Oktoba

Nimeenda tena. Nilikuwa nimeandika sentensi zangu kiganjani na mvua ikazifuta njiani, kwa hiyo nilipofika mbele ya Mrs Moodley nilibaki nimekaa nikidondosha maji kwenye zulia lake. Alinipa taulo. Hakuniharakisha.

Mwishowe nilisema, "Hatoki. Mlango tunaufunga kwa kufuli, ndiyo maana."

"Mama yako alisema hatoroki."

"Alisema hivyo."

"Na wewe ndiye uliyeniambia kwamba amesema hivyo."

"Mimi hupeleka tu," nilisema.

Alivua miwani. Alisema hawezi kuandika maneno ya msichana wa Grade 10, lazima yatoke kwa mzazi. Orodha haijafungwa. Atatuona tena tarehe 8 Novemba, na safari hii mtoto asipewe dawa. Kumbe aliinusa. Nilimwomba apige simu mwenyewe na asimwambie Mama kwamba nilikuja.

Jumatano, 7 Novemba

Mitihani. Joto la kunata. Jioni, Mama akikatakata majani ya sombe, nilijaribu kumweleza. Nilisema, safari hii tuseme jinsi alivyo. Nilisema kwamba shule ile ni kama hospitali, ukimwambia daktari huumwi anakurudisha nyumbani.

Mama aliendelea kukata. "Mimi nimuseme mutoto wa tumbo langu vibaya mbele ya watu? Na yeye eko anasikia?"

"Haelewi yote, Mama."

"Nani alikuambia?" Aliweka kisu chini. "Neno la mama linashika. Mama yangu aliniambia nitafika mbali, leo niko Afrika ya Kusini. Ukimutamkia mutoto kwamba hawezi, hawezi."

Nina umri wa miaka kumi na sita na nimesoma vitabu vingi; nilichukua kisu nikaendelea kukata sombe.

Alhamisi, 8 Novemba

Nataka kuandika yote kwa mpangilio.

Elysée hakunywa dawa. Kwenye ukumbi alizima taa na kuiwasha mpaka katibu akamwomba aache, akapiga yowe. Ndani aliketi chini karibu na feni, mgongo kwetu, kidole karibu na mapanga yake. Mrs Moodley hakumzuia, aliisogeza tu feni isimfikie.

Akauliza, "Analala usiku?"

Mama alisema, "Mwambie analala bien. Mwambie ni mutoto wa maombi."

Nikafungua mdomo. Nikasema kwa Kiingereza: halali. Anazunguka chumbani mpaka alfajiri, na mama yetu ametandika godoro lake mlangoni.

Sauti ilitoka bila kutetemeka. Ilitoka kama ya mtu mwingine, msichana ambaye hajawahi kuogopa geti.

Akauliza kama anajiumiza. Mama alisema hapana, ana mkono wa upole. Nilisema anajing'ata mpaka damu, na akianza hatuwezi kumshika watu wawili. Akauliza kuhusu kutoroka. Mama alisema anapenda nyumbani kuliko wote. Nilisema mwezi uliopita alikaa katikati ya barabara na gari lilisimama karibu kumkanyaga. Akauliza kuhusu kuoga, choo, nguo. Mama alisifu, nami nikasema anayoyafanya Mama kila asubuhi, ambayo sitayaandika hapa kwa sababu Elysée ni mvulana mkubwa na ana haki ya kufichiwa kitu na mtu mmoja angalau.

Mrs Moodley aliandika. Mara moja alinitazama, akamtazama Mama aliyekuwa akitabasamu na kutikisa kichwa kukubali kila nilichosema. Nadhani alijua. Akauliza swali la mwisho: mzazi ana tumaini gani kwa mtoto huyu?

Mama aliutazama mgongo wa Elysée. Kisha akasema, "Mwambie siku moja ataniita Mama bila kufundishwa."

Hilo nililitafsiri kama lilivyo.

Njiani Mama alinishika mkono, kitu ambacho hajafanya tangu nilipokuwa mdogo. "Umesema muzuri leo. Kwa nguvu."

Elysée alikuwa mbele yetu akisogeza midomo bila sauti.

Jumamosi, 10 Novemba

Sijui kama nilifanya hivyo kwa ajili yake au kwa ajili ya Grade 11. Nimejiuliza kutwa nzima. Wakati najibu swali la barabara nilikuwa naona dawati langu la karibu na dirisha. Nalikumbuka vizuri.

Jumatano, 14 Novemba

Mtihani wa hesabu. Mvua ya mawe.

Jumanne, 20 Novemba

Amepata. Anaanza Januari, kwa majaribio mpaka Pasaka, na gari la shule litampitia. Nilipotafsiri simu, Mama alipiga magoti pale pale saluni kati ya nywele zilizokatwa, na mteja wake akapiga magoti pia, nusu kichwa kimesukwa. Papa alikwenda bafuni akafungua bomba akakaa humo muda mrefu. Alipotoka aliniambia, "Basi soma."

Jumapili, 25 Novemba

Mama ametoa ushuhuda. Alisimama mbele na kitambaa cheupe kichwani. Alisema walimwambia amuseme mwanawe vibaya apate nafasi, naye akakataa, akamsifu mtoto wake mbele ya wakubwa, na Mungu akayapokea maneno yale na kufungua mlango. Kanisa zima lilisimama. Papa Zénon alipiga makofi juu ya kichwa. Watu walinigeukia pia, kwa sababu Mama alisema, "Na binti yangu huyu alikuwa kinywa changu."

Niliimba nao. Shati lilikuwa limenilowa mgongoni.

Jumanne, 4 Desemba

Tulikuwa mezani, sote wanne, na Kulthumu alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Elysée aliweka kijiko chini akaanza. Si tangazo la sabuni.

Alisema kwa Kiingereza kwamba halali, anazunguka mpaka alfajiri. Alisema anajing'ata mpaka damu na hatuwezi kumshika watu wawili. Alisema gari lilisimama karibu kumkanyaga. Aliendelea mpaka kwenye yale ya choo. Ilikuwa sauti yangu mimi, hata kile kikohozi kidogo ninachokohoa kabla ya sentensi ngumu. Uso wake ulikuwa mtulivu. Sijui kwake yalikuwa maneno ya nani, kuhusu nani.

Kulthumu alikuwa ameshika sufuria kifuani. Anajua Kiingereza vizuri. Akatazama mlango.

"Anasema nini?" Mama aliuliza. Hakumuuliza Kulthumu.

Ningeweza kusema ni kitu cha redio. Mama angeamini, labda.

Nikatafsiri. Elysée alirudia kutoka mwanzo na mimi nikamfuata, sentensi moja moja, yeye kwa sauti yangu na mimi kwa sauti ambayo haikusikika vizuri hata kwangu. Papa aliinamisha kichwa. Nilipomaliza, Mama alichukua sahani yangu ambayo bado ilikuwa na chakula, akaipeleka jikoni, akaiosha.

Ijumaa, 7 Desemba

Shule imefungwa. Nimefaulu yote. Mama alitia sahihi ripoti yangu bila kuketi.

Jumapili, 9 Desemba

Mama hakwenda kanisani. Amesema mguu unamuuma.

Jumanne, 11 Desemba

Leo ilikuwa siku ya wazazi wapya kule Berea. Nilivaa mapema nikasimama mlangoni na mwavuli. Mama alitoka na Elysée amevaa vizuri, nyuma yao Kulthumu, aliyeomba ruhusa kazini.

"Wewe baki," Mama alisema. "Kulthumu atanisemea."

Nilibaki. Nilisikia hatua zao zikishuka mpaka chini, kisha nikavua viatu.

Walirudi baada ya adhuhuri. Mama alipita moja kwa moja chumbani na Elysée. Kulthumu aliketi jikoni akajitia maji, akanywa, akajitia tena. Hakufanya mzaha wowote.

"Yule mwalimu wa miwani aliuliza tuna lipi la kuongeza kuhusu mtoto," alisema. "Mama yako akaniambia, tafsiri kama nitakavyosema, usiongeze, usipunguze. Mwanangu, nilitamani nisiwe mimi."

"Alisema nini?"

"Yote uliyoyasema wewe. Na zaidi." Akapunguza sauti. "Alisema Elysée akimtoroka, siku nyingine humwacha aende kidogo. Anasimama kwanza. Anamtazama anavyokwenda. Ndipo anakimbia kumfuata."

Niliona robot na taxi, nikakumbuka jinsi sauti yangu ilivyokataa, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hakika kwamba ilikuwa ni uoga.

"Na yule mwalimu?"

"Alimsogezea kiti. Akasema wazazi wengi humwambia hivyo, ila huwachukua mpaka mwaka wa pili."

Kulthumu alipoondoka nilikwenda mlangoni mwa chumba. Mama alikuwa sakafuni anafumua upindo wa suruali ya Elysée ya sare, kwa sababu amekua. Elysée alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, suruali mwilini, ametulia. Sikujua kama niingie.

"Shika mguu ule mwingine," Mama alisema bila kunitazama.

Nikapiga magoti upande wa pili nikashika kitambaa, naye akanipa pini.